Safari ya Kaisho: Tulivyomteremsha Bibi Katika Korongo la Mtagata

Ndugu msomaji, yamkini katika ukoo wako yumo mzee ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitaja mahali fulani anapotaka kufika kabla siku zake hazijatimia. Kila likizo mnamwambia, "Mwakani, bibi, Mungu akipenda." Na mwakani inapofika huja pamoja na ada za shule, bati za nyumba na msiba wa jirani, na safari ya mzee husogezwa tena mbele. Leo nakuomba ufuatane nami katika safari moja ya namna hiyo, ambayo baada ya kuahirishwa mara nyingi hatimaye ilifanyika.

Bibi yetu mzaa mama anakaa Kaisho, katika Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera, pembe ile ya nchi ambako Tanzania hukutana na Rwanda na Uganda. Umri wake hakuna aliyeuandika, ila yeye mwenyewe husema kwamba bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1961 alikuwa tayari ana watoto wawili. Magoti yake yameshikwa na baridi yabisi. Na mahali alipokuwa akipataja siku zote ni Mtagata, penye chemchemi za maji ya moto chini ya korongo lenye msitu. Jina lenyewe linajieleza kwa mtu ajuaye Kinyambo, kwa maana kutagata ni kupata joto.

Mtagata imo katika wilaya hiyo hiyo ya Kyerwa, wala si safari ya kumtisha mwenye gari na miguu mizima. Lakini kwa bibi, ambaye hana gari, na ambaye kutoka kitandani hadi mlangoni ni kazi ya robo saa, Mtagata ilikuwa mbali kama Dar es Salaam.

KUTOKA ZIWANI HADI MILIMANI

Tuliondoka Bukoba alfajiri, mwezi wa Juni, shule zikiwa zimefungwa na mvua za masika zimekwisha. Tulikuwa watu tisa, wakubwa kwa wadogo, katika magari mawili: Hiace ya kukodi, na nyuma yake pikapu ya binamu yangu iliyobeba magodoro, masufuria, mikungu mitatu ya ndizi na madumu ya maji. Watoto waliyatazama magari yale yakifuatana, wakasema kwamba sisi ni msafara. Jina hilo likatukaa hadi mwisho.

Ukitoka Bukoba kwenda magharibi, unaliacha Ziwa Viktoria mgongoni na kupita katikati ya migomba mpaka Kyaka. Hapo lipo daraja la Mto Kagera. Wenye umri wa kukumbuka wanajua kwamba daraja la mahali hapo lilibomolewa na majeshi ya Idi Amin mwezi wa Novemba mwaka 1978, na kwamba wanajeshi wetu walilazimika kutengeneza njia nyingine ya kuvukia ili kumfuata adui ng'ambo ya mto. Mama yangu alituomba tusimame dakika tano. Hakusema neno. Alishuka, akatazama upande wa darajani, akarudi kukaa mahali pake. Njia ya Karagwe haivuki mto hapo. Huliacha daraja na kuanza kupanda milima.

Na kupanda huko ni kwa kweli. Hewa hubadilika upesi. Nyanda za Karagwe ziko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hata wakati wa adhuhuri upepo wake una ubaridi. Vilele vya milima vimevaa nyasi fupi. Mabondeni yamesimama mafunjo, na penye makazi ya watu migomba imefunika nyumba hata usione ila moshi wa jikoni. Chini ya migomba hiyo, kivulini, ndipo ilipo mibuni, mali iliyosomesha wengi katika wilaya hizi mbili za Karagwe na Kyerwa. Zamani zote mbili zilikuwa wilaya moja ya Karagwe, na Kyerwa imesimama peke yake tangu mwaka 2012.

Omurushaka tulimchukua mjomba, ambaye ni mwuguzi mstaafu. Alikuja na mkoba wake wa kazini, ule ule aliokuwa nao tangu tukiwa wadogo. Mama alimtania, akamwambia, "Kaka, umestaafu, mkoba wa nini?" Mjomba akajibu kwamba mtu hustaafu kazi, lakini wagonjwa hawastaafu. Hatukujua kwamba kabla ya siku mbili kwisha tungeushukuru mkoba huo.

MISAFARA ILIYOTUTANGULIA

Kutoka Omurushaka njia ya Murongo hushika kaskazini kupitia Nkwenda hadi Kaisho. Tulipopita sisi, sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya changarawe, na vumbi jekundu lilitufanya wote tuwe na nywele za rangi moja. Karibu na Nkwenda gurudumu la pikapu lilipasuka. Wakati binamu na utingo wakihangaika na jeki, mjomba aliwaita watoto chini ya mti, akawaambia, "Nyinyi mnajiita msafara. Haya, kaeni niwaeleze msafara wa kweli ulikuwaje."

Akawaeleza kwamba katika karne ya 19 mojawapo ya njia kuu za biashara ya bara ilitoka pwani ya Bagamoyo, ikafika Tabora, kisha ikageuka kaskazini hadi Karagwe na kuendelea Buganda. Wapagazi walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba kuja huku, na pembe za ndovu kurudi pwani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao mahali paitwapo Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe. Kiswahili kilifika katika milima hii juu ya vichwa vya wapagazi hao, kabla ya mkoloni yeyote kufungua shule.

Mtawala wa wakati huo alikuwa Rumanyika, na Karagwe yake ilijulikana mbali kwa mafundi wa chuma. Katika hazina yake palikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, kazi ambayo wataalamu wanaizungumza hadi leo. Jina lake limepewa hifadhi ya taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019 pamoja na jirani yake, Ibanda-Kyerwa.

Mwezi wa Novemba mwaka 1861 waliingia kwa Rumanyika wageni wawili Waingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Naili. Walikuwa wameondoka pwani mwaka mmoja na zaidi uliotangulia. Kiongozi wa watu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Uyao, aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani hadi Bara Hindi, na ambaye bila ya akili na ulimi wake wazungu wale wasingefika popote. Walipokuwa Karagwe, mguu wa Grant ulivimba na kuoza kwa ugonjwa ambao baadhi ya madaktari wa siku hizi wanaufikiria kuwa ni kidonda cha Buruli. Mwezi wa Januari mwaka 1862 Speke alimwacha akaenda Buganda. Grant alibaki mikononi mwa watu wa Rumanyika hadi mwezi wa Aprili, na alipoondoka hakuweza kutembea, bali alibebwa kwa machela.

"Basi," mjomba akamalizia, "mzungu mzima, mwenye bunduki na mali, aliuguzwa na babu zenu kwa miezi mingi bila ya kudaiwa. Kumbebea mgonjwa mzigo wake ni desturi ya huku."

Mwanangu wa miaka 11 akauliza kama bibi naye atabebwa kwa machela. Mjomba akacheka, akasema tutaona.

USIKU WA KAISHO

Tulifika Kaisho jua likielekea kuzama. Bibi alikuwa ameketi kizingitini tangu mchana, amevaa khanga mpya, na kila mmoja alimpigia magoti kwa zamu. Mwanangu alimwita, kama kawaida yake, "mume wangu mdogo," akamwuliza kwa nini amechelewa kuja kumwoa. Tukaletewa kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa zikiwa na maganda yake, ambazo katika nyumba za huku mgeni hupewa kabla ya kuulizwa habari. Kisha zikaja ndizi na maharage.

Kaisho ni mji mdogo wa soko, na ujirani wake unausikia katika maneno ya watu. Kaskazini, mwendo usio mrefu kwa gari, ndiko Murongo kwenye Mto Kagera, na ng'ambo yake ni Kikagati ya Uganda. Mto huo, ambao maji yake hutoka katika milima ya Burundi na Rwanda, hushuka kuwa mpaka wetu na Rwanda, kisha hugeuka mashariki na kuwa mpaka wetu na Uganda. Watu wa pande zote huvuka kwa soko, kwa harusi na kwa mazishi. Na hata kwa tiba huvuka, kwa maana sifa ya Mtagata haikuanza jana wala haikuishia mpakani.

Baada ya chakula palikuwa na kikao, na hapo ndipo neno lilipozuka. Mjomba alisema waziwazi kwamba yeye hakubaliani na mama yake kuingia katika maji ya moto. Bibi ana shinikizo la damu, anameza vidonge kila siku, na joto kali linaweza kumwangusha mtu wa umri wake. Mama yangu akajibu kwamba bibi amengoja miaka mingi, na kwamba kumkatalia sasa ni kumwua kwa njia nyingine. Sauti zikapanda. Sisi wajukuu tukainamisha vichwa, kwani wakubwa wanapozozana mdogo hana kauli.

Bibi aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akanena kwa utulivu, "Mnazungumza habari za mwili wangu kama vile mimi simo humu ndani. Kesho nitakwenda. Atakayekuja na aje."

KUSHUKA KORONGONI

Asubuhi tulikwenda. Njia ilizidi kuwa nyembamba hata magari yakafika mwisho wake, na mbele yetu ardhi ikashuka ghafla. Ukisimama ukingoni huoni maji. Unaona vilele vya miti tu, vimesongamana chini yako, na unasikia ndege na kima. Milima ya pande zote ina nyasi kavu za kiangazi, na katikati yake umefichwa msitu wa kijani kibichi.

Hapo tulitengeneza machela kwa miti miwili mirefu na mkeka, tukamlaza bibi, tukamfunga kwa khanga ili asiteleze. Wajukuu wanne tulibeba, wawili mbele na wawili nyuma, na wengine walitangulia kuondoa mawe na kuinua matawi. Nakwambia kweli, msomaji, sikupata kujua kwamba mtu mwepesi kiasi kile anaweza kuwa mzigo mzito kiasi kile. Kila hatua ulikuwa unajiuliza: nikiteleza mimi, nani atamshika? Jasho lilitutoka pamoja na ubaridi wa kivuli. Yeye mwenyewe alikuwa akituelekeza kutoka machelani, "Kushoto. Hapo pana mzizi. Polepole, mume wangu." Alikuwa anaikumbuka njia.

Chini ya korongo hewa ni nyingine, ina unyevunyevu na harufu ya majani. Mvuke mwembamba hupanda penye chemchemi. Henry Morton Stanley alifika hapa mwezi wa Machi mwaka 1876, baada ya mwendo wa siku mbili kutoka makao ya Rumanyika. Akaandika habari za msitu huu mnene, mitambaa yake na nyani wake, na akakuta wagonjwa wengi wamepiga kambi, wakilala katika maji ya moto. Alikunywa maji hayo na kuoga kwa siku tatu akijichunguza kama yamemfaa. Mwishowe alikiri kwamba hakuona faida yoyote ila ile ya usafi wa mwili.

Sisi nasi tulikuta watu. Palikuwa na mama mmoja aliyevuka kutoka Uganda na binti yake mwenye mgongo unaomsumbua. Palikuwa na wazee wawili waliokaa pale siku ya nne. Palikuwa na vijana waliokuja kutazama tu. Mzee mmoja wa mahali pale, anayeangalia usafi wa visima, alitupokea, akatuonyesha maji ya moto zaidi na yale yaliyopoa kidogo kadiri yanavyotelemka.

Watoto walitaka kujua ni nani anayewasha moto chini ya ardhi. Ni swali zuri, na jibu lake si siri. Maji ya mvua huzama katika nyufa za miamba hadi kina kirefu, na kadiri unavyoshuka ndani ya dunia ndivyo joto linavyozidi. Maji hayo yakishapata joto hutafuta ufa mwingine wa kupandia, na huibuka juu yakiwa bado na moto wake na chumvichumvi alizookota njiani. Chemchemi za namna hiyo ziko nyingi katika nchi zilizo karibu na Bonde la Ufa.

VIDONGE VILIVYOBAKI NYUMBANI

Tulimkalisha bibi juu ya jiwe lililo bapa. Mjomba akafungua mkoba wake, akauliza kama aulizavyo mwuguzi yeyote, "Mama, leo umemeza vidonge vyako?"

Bibi akatazama maji.

Mjomba akauliza mara ya pili. Ndipo bibi akasema kwamba hakumeza leo, wala jana, wala juzi. Alikuwa ameambiwa na watu kwamba maji ya Mtagata humkataa mtu mwenye dawa ya hospitali mwilini. Kwa hiyo, tangu alipopata habari kwamba tuko njiani, aliviacha vidonge nyumbani ili damu yake isafike kabla ya kuja.

Mjomba alimfunga kipimo mkononi. Kila mtu alinyamaza, hata watoto. Alipoisoma namba hakuitamka, ila nilimwona akiifunga tena mashine na kurudia upya, jambo ambalo mwuguzi hufanya pale asipoyapenda aliyoyaona. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi haingii majini, na kwamba vidonge lazima viletwe sasa hivi.

Nilitazamia ugomvi wa jana urudi, na mama yangu alikuwa tayari amefungua mdomo. Lakini yule mzee wa chemchemi akakohoa, akaomba ruhusa ya kusema. Akasema, "Waitu, nimekaa hapa miaka mingi. Sijaona maji haya yakimkataa mtu. Wanaokataa ni binadamu." Na yule mama wa Uganda akafungua kikapu chake, akatoa karatasi za kliniki za binti yake na chupa ya dawa, akasema kwamba wao huja navyo kila mara, wala hawajafukuzwa.

Binamu yangu alipanda korongo mbio, akapata bodaboda, akaenda Kaisho. Tukangoja. Saa zile za kungoja zilikuwa ndefu kuliko safari yote ya kutoka Bukoba. Mjomba alimlaza mama yake kivulini, akamnywesha maji safi kidogo kidogo, na kila nusu saa alimpima.

Na katika kungoja huko bibi alitueleza jambo ambalo hata mama yangu hakulijua. Alikuja Mtagata akiwa msichana mdogo, pamoja na mama yake mzazi, kwa miguu. Mama yake aliumwa mifupa, na bibi ndiye aliyechukuliwa kumpikia. Walikaa siku saba katika kibanda cha nyasi. Usiku, mama yake alikuwa akimkalisha karibu na maji ili asione baridi, akamsimulia hadithi. Siku ya kuondoka mama yake alimwambia, "Tutarudi." Hawakurudi. Mwaka uliofuata mama yake alifariki.

"Magoti yangu najua ni ya uzee," bibi akasema. "Mwuguzi huyu amenieleza mara nyingi, nami si mjinga. Nilitaka kukaa pale tulipokaa."

Mjomba, mwanamume wa miaka sitini na zaidi, aliinuka akaenda kusimama peke yake nyuma ya mti.

MIGUU NDANI YA MAJI

Vidonge vilifika alasiri. Bibi alivimeza mbele ya wote, akapumzika tena, na jua lilipoanza kulegea kipimo kilikuwa kimeshuka kiasi cha kumridhisha mjomba. Wakapatana, mama na mwana, kama watu wazima wapatanavyo: hataoga, ila ataweka miguu tu, chini kule maji yalikopoa, kwa dakika chache, na mjomba atakuwa ameshika mkono wake muda wote.

Tulimbeba hadi hapo. Alituhamisha mara mbili, akisema si hapa, si hapa, mpaka tukafika penye jiwe fulani kando ya mzizi mkubwa. Alipotumbukiza miguu alifumba macho. Mwanangu alijipenyeza akakaa karibu naye, naye bila ya kufumbua macho akaanza kumsimulia hadithi kwa Kinyambo. Mtoto hajui Kinyambo sawasawa, lakini hakuinuka mpaka hadithi ikaisha.

Hapo nilimkumbuka Stanley. Sina shaka kwamba aliyoyaandika aliyaandika kwa haki. Alikuja na kalamu na mashaka yake, akatafuta dawa, hakuiona. Nasi hatukuona muujiza. Bibi hakuinuka akatembea, na wakati wa kupanda korongo tulimbeba vile vile, safari hii tukipokezana kwa taa za tochi. Maji ya vuguvugu hulegeza misuli na kupunguza maumivu ya maungio kwa muda, na hilo mwuguzi yeyote atakwambia. Usiku ule alilala bila ya kuamka, na kesho yake magoti yalikuwa yale yale. Lakini asubuhi hiyo, kabla ya chai, aliomba vidonge vyake mwenyewe.

UKITAKA KWENDA NAWE

Msomaji mpendwa, kama kisa hiki kimekutamanisha, basi yasikilize machache tuliyojifunza kwa jasho letu.

Chagua miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa kuwa mvua ikinyesha udongo wa milimani huteleza kama sabuni. Weka gurudumu la akiba lililo zima, na mafuta ya kutosha. Ondoka mapema ili ushuke na kupanda korongo kungali mchana, wala usifanye kama sisi tuliorudi na tochi.

Ukifika, jitambulishe kwa wenyeji kwanza, uulize taratibu za mahali. Kwa wengi pale ni mahali pa heshima. Usiwaache watoto wakimbie peke yao penye maji, kwani kisima cha moto huunguza kabla mtoto hajajua kulia. Mwenye kidonda kibichi asiingie katika maji wanayoyatumia wengine, kwa faida yake na yao. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na mwenye shinikizo la damu wapate ushauri wa daktari kabla ya safari.

Na dawa za hospitali zisiachwe nyumbani kwa sababu yoyote. Hili ndilo ninalokusihi zaidi ya yote. Wazee wetu husikia mengi njiani, nao hutuficha kwa sababu wanaogopa tutawacheka. Waulize kwa upole kabla hamjaondoka. Tungemwuliza bibi juu ya Mtagata miaka kumi iliyopita, badala ya kumwambia tu "mwakani," tungejua habari za mama yake mapema, na pengine angeshuka korongo lile kwa miguu yake mwenyewe.

Msitu ule usikatwe hata kuni moja. Takataka mlizokuja nazo mrudi nazo. Maji yale yamewapokea wagonjwa tangu kabla ya babu zetu, na ni haki wajukuu wetu nao wayakute.

Tulipomuaga bibi pale kizingitini, alimshika mwanangu mkono, akamwuliza kama ni kweli Ziwa Viktoria halina ng'ambo ya kuonekana kwa macho. Hajapata kuliona. Mjomba amekwisha kuangalia kalenda, na binamu yangu anatafuta magurudumu mapya ya pikapu. Safari hii tumetaja mwezi.